Mstari mmoja nilioufuta: uzoefu wangu wa Git na chezmoi kwa mafaili ya mipangilio

Kwenye faili langu la `.bashrc`, lenye amri zinazosomwa kila ninapofungua terminali (dirisha la kuandikia amri), palikuwa na mstari unaosomeka `stty -ixon`. Niliuweka lini, sikumbuki. Jumamosi moja nyumbani Sinza nikaamua kufanya usafi, nikaufuta pamoja na vikorokoro vingine ambavyo sikuona kazi yake.

Zikapita kama wiki mbili. Nimeingia kwenye seva ya mteja kupitia SSH, njia ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa amri, skripti yangu inahamisha kumbukumbu zake na majibu yanashuka kwenye skrini. Mkono ukabonyeza Ctrl-S wenyewe. Sisi tuliojifunzia kompyuta kwenye umeme wa kukatika-katika tunahifadhi kila baada ya sentensi, hata pasipo na cha kuhifadhi. Terminali ikaganda. Nikadhani bando limekwisha, nikaangalia simu, bando lipo. Nikalaumu seva. Mwisho nikalifunga dirisha kwa hasira na skripti ikafia humo humo, kazi ikiwa nusu. Usiku ule nililala saa tisa, nikitafuta kipi kimehamia na kipi bado.

Kumbe terminali huichukua Ctrl-S kuwa ni amri ya kusimamisha maandishi, desturi ya tangu enzi za mashine za kuchapa zilizokuwa zinazidiwa na mwendo wa kompyuta. Ctrl-Q ndiyo inayoachia. Ule mstari niliofuta kazi yake ilikuwa kuizima desturi hiyo. Kilichoniuma ni kwamba kuna siku nilikuwa najua haya yote, maana niliuandika mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kuweka mafaili yangu ya mipangilio kwenye Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la faili. Sasa ni zaidi ya miaka miwili, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwa asiyeyajua: ni yale mafaili yanayoanza na nukta kwenye folda yako ya nyumbani, `.bashrc`, `.gitconfig`, `.vimrc` na ndugu zao, ambayo amri ya `ls`, inayoorodhesha mafaili, haiyaonyeshi mpaka uiambie `ls -a`. Rob Pike, aliyekuwa mhandisi wa maabara ya Bell Labs, aliwahi kueleza kwamba kufichwa kwake kulitokana na njia ya mkato. Walitaka `ls` iruke `.` na `..` (alama za folda uliyomo na ile ya juu yake), programu ikaandikwa iruke kila jina linaloanza na nukta, na watu wakaanza kuficha vitu humo. Yaani kosa la mtu mmoja limegeuka kabati la dunia nzima.

Kabla ya hapo nilikuwa na utaratibu ambao nadhani wengi wenu mnao: flashi yenye folda inayoitwa `config_mpya`, nyingine `config_mpya_2`, na nyingine `config_ya_mwisho_kweli`. Mafaili hayakupotea hata siku moja. Lakini ukinipa hizo folda tatu nikwambie ipi ina nini na kwa nini zinatofautiana, siwezi.

Nilianza na GNU Stow, kwa sababu ni nyepesi. Unaweka mafaili yako yote kwenye folda moja, tuseme `~/dotfiles`, unaipangia folda ndogo kwa kila programu, kisha unaandika `stow bash` na yenyewe inaweka kwenye folda yako ya nyumbani viungo, yaani majina yanayoelekeza kwenye mafaili ya hazina yako, ile folda inayotunzwa na Git. Faili lenyewe linakaa kwenye hazina, ukilihariri mabadiliko yameshaingia na Git inayaona papo hapo. Nikaipenda sana. Penzi likaisha siku nilipoipeleka kwenye seva mpya kabisa. Kule folda ya `~/.config` haikuwepo bado, na Stow ikikuta folda haipo haihangaiki kuunda kiungo cha faili moja moja, inaigeuza folda nzima kuwa kiungo. Baada ya siku chache nikaendesha `git status`, nikakuta htop na programu nyingine zimeandika mipangilio yao ndani ya hazina yangu kama wapangaji waliohamia bila hodi. Dawa ipo, ni kuandika `stow --no-folding`, ila dawa hiyo nimeijua baada ya kuugua. Na kuna `--adopt`, ambayo inalichukua faili lililopo kwenye mashine na kulilaza juu ya lile la kwenye hazina. Usiiguse kabla hujakomiti kila kitu, yaani kukiandikisha kwenye historia ya Git.

Kilichonihamisha kwenda chezmoi, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, hasa ni ofisi. Nyumbani natumia laptopu yenye Ubuntu, ofisini Kijitonyama nimepewa Mac, na mafaili yanafanana kwa sehemu kubwa tu. Barua pepe si ile ile, njia za programu si zile zile. Kwa Stow nilikuwa nimeanza kuweka tawi la Git (toleo la pembeni la mafaili yale yale) kwa kila mashine, na kila badiliko dogo likawa safari ya kuunganisha matawi. Mateso matupu.

Jina la chezmoi ni la Kifaransa, maana yake nyumbani kwangu, na imeandikwa kwa lugha ya Go, ambayo huyo huyo Pike ni mmoja wa walioibuni. Haifanyi viungo. Inaweka chanzo kwenye `~/.local/share/chezmoi`, ambayo ni hazina ya kawaida ya Git, na faili la `.bashrc` humo linaitwa `dot_bashrc`, nukta imetolewa mafichoni. Ukiandika `chezmoi diff` inakuonyesha tofauti kati ya chanzo na kilichopo kwenye folda ya nyumbani, ukiandika `chezmoi apply` inanakili. Faili likiwa na mwisho wa `.tmpl` linakuwa kiolezo, na unaweza kuandika ndani yake kwamba kama mashine ni hii weka barua pepe hii, kama ni ile weka ile. Kwa `.gitconfig` peke yake, kusema kweli, huhitaji hata chezmoi. Git yenyewe ina `includeIf` tangu toleo la 2.13 la mwaka 2017, unaiambia kila hazina iliyomo kwenye `~/kazi/` itumie barua pepe ya kazini. Ningelijua mapema huenda ningebaki na Stow mwaka mwingine.

Tatizo la kwanza la chezmoi ni mazoea. Mkono umeshazoea `vim ~/.bashrc`, na ukifanya hivyo unahariri nakala, chanzo hakina habari. Nilifanya hivyo wiki mbili mfululizo. Siku nilipoendesha `chezmoi apply` ikaniuliza kistaarabu kabisa kwamba faili hili limebadilika tangu nilipoliandika, nilifunike? Nikajibu ndiyo bila kusoma, kama tunavyokubali masharti ya kila kitu. Wiki mbili zikaenda, na Git haikuwa na la kunisaidia kwa sababu haikuwahi kuyaona hayo mabadiliko. Siku hizi naanza na `chezmoi diff`, na nikiwa nimehariri nakala naandika `chezmoi re-add` kuirudisha kwenye chanzo. Hiyo nayo haigusi violezo, hivyo `.gitconfig` yangu lazima niitengeneze kwa mkono. Inachosha, na sijaizoea mpaka leo.

Tatizo la pili lilikuwa langu. Ndani ya `.bashrc` nilikuwa nimebandika ufunguo wa siri wa huduma ya kutuma SMS ya mteja, kwa haraka za siku moja, nikausahau. Hazina ilikuwa ya faragha, GitHub, tovuti ya kuhifadhi hazina za Git, inazitoa bure, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Dada mmoja tunayefanya naye kazi akaniomba aione mipangilio yangu, nikataka kuifanya ya wazi. Nashukuru nilipitia kwanza `git log -p`, inayoonyesha kila badiliko la nyuma. Ufunguo niliufuta miezi mingi nyuma, lakini historia ilikuwa nao, kila herufi. Git ndiyo kazi yake, haisahau. Nilimpigia mteja nikamwomba abadilishe ufunguo, simu fupi lakini ya aibu, kisha nikaiandika upya historia ya hazina ili ufunguo utoke. Sasa vitu vya siri naviingiza kwa `chezmoi add --encrypt`, vinafungwa kwa age, programu ya kusimba mafaili, kabla havijaingia kwenye Git. Ufunguo wa age hauwezi kukaa humo humo, kwa hiyo upo kwenye flashi, na flashi ipo Mbagala kwenye kabati la mama, chini ya vitenge.

Mtihani wenyewe ulikuja mwaka jana. SSD ya laptopu, diski inayotunza kila kitu, iliacha kuonekana asubuhi moja. Nikapanda mwendokasi hadi Kariakoo, fundi akaichomoa, akaichomeka kwenye mashine yake, akatikisa kichwa. "Dada, hii imekufa. Ulikuwa na vitu vya muhimu?" Nikamwambia vipo kwenye Git. Akanitazama kama nimemwambia vipo kwa Mungu.

Nikanunua nyingine, nikaweka Ubuntu, nikasakinisha chezmoi, nikaandika `chezmoi init --apply` na anwani ya hazina yangu. Ikagoma. Hazina ni ya faragha, inataka ufunguo wa SSH, na mashine mpya haina ufunguo. Nikatengeneza ufunguo mpya, nikausajili kwa kutumia simu, nikarudia. Baada ya hapo ilikuwa dakika chache na terminali yangu ikawa yangu, rangi zile zile, vifupisho vile vile. Hazina nzima haifiki megabaiti 1, hata bando la vocha ya mwisho wa mwezi linaitosha. Ila usidhani inarudisha kompyuta. Programu zenyewe nilizisakinisha upya, picha na nyaraka zina utaratibu wake, na kivinjari hakimo kabisa.

Lakini nikihesabu, hiyo SSD imenifaidisha siku moja. Kinachonifaidisha kila wiki ni ujumbe wa komiti. chezmoi ina mpangilio wa `autoCommit`, ukiuwasha kila badiliko linakomitiwa lenyewe. Nikauwasha, nikaona raha, nikauzima baada ya mwezi. Nilirudi kwenye historia kutafuta kwa nini nimebadilisha kitu kwenye tmux, programu ya kugawa terminali, nikakuta msururu wa ujumbe unaosema faili fulani limebadilishwa. Hilo naliona mwenyewe. Nimerudi kule kule kwenye `config_mpya_2`, tofauti ni kwamba sasa ipo mtandaoni. Siku hizi naandika kwa mkono, kwa Kiswahili, na siandiki nilichobadilisha. Naandika kilichoniudhi mpaka nikabadilisha.

Mashine moja tu, mipangilio michache? Git na Stow zinatosha, chezmoi itakuchosha bure. Mashine mbili zisizofanana, au siri za wateja mikononi, nenda chezmoi na uvumilie ile `re-add`. Mimi naipa nane kwa kumi, na hizo mbili nilizokata ni za zile wiki mbili zilizofunikwa, ingawa najua nani alibonyeza ndiyo.

Juzi ofisini kijana wa meza ya pili aliniona nakomiti `.bashrc`, akacheka. "Dada, yote hayo kwa faili la mistari mia?" Nikamwandikia `git log -S 'stty -ixon'`, inayotafuta komiti zilizouingiza au kuuondoa mstari huo, nikamgeuzia skrini. Ilitoka komiti moja, ya pili tangu nianze: "Rudisha stty -ixon. USIFUTE. Bila hii Ctrl-S inagandisha terminali, Ctrl-Q ndiyo inaachia. Umelala saa tisa kwa ajili ya huu mstari."

Akasoma, akavuta kiti. Naye ana hazina yake sasa, ya siku tatu. Nimeiangalia, ujumbe wake wa kwanza unasema "mambo".