Nyota ya Herrnhut ya karatasi, sentimita 60: chukueni ile ya kuunga wenyewe

Wadau mnaokaa huku Ujerumani, kama mnataka pambo moja tu la Krismasi lenye historia ya kweli chukueni hii nyota ya Herrnhut, mji wa Wamoravian (kanisa la Kiprotestanti) huko Saxony, mashariki mwa Ujerumani. Mi nimenunua nyeupe, ya ndani, na hela yangu haijapotea. Bei imechangamka ukilinganisha na mapambo ya supamaketi, na yangu taa nilinunua pembeni, ila ni kitu cha kutunza unakitoa kila mwaka.

Ndani ya boksi unakuta ncha 25 za karatasi ngumu, 17 zina kitako cha pembe nne na 8 kitako cha pembe tatu, pamoja na vibanio vyake vidogo, afu unaanza kuunga moja moja mpaka inakuwa duara lenye miiba kila upande. Nafasi ya 26 haina ncha, hapo ndo unapitisha waya wa taa. Kaeni na watoto, msiwafanyie, maana zile za mwisho mwisho zinataka vidole vyembamba kweli.

Na hiyo hesabu ya pembe haijaja hivi hivi. Nyota hizi zilianzia kwenye shule ya bweni ya Wamoravian pale Niesky, Saxony, mwanzoni mwa karne ya 19, watoto walikuwa wanafundishwa jiometri kwa kuzitengeneza, na Januari 1821 shule ilipotimiza miaka 50 ikatundikwa moja ina ncha 110! Baadaye Pieter Hendrik Verbeek akaanza kuziuza kwenye duka lake la vitabu Herrnhut na mpaka leo zinatengenezwa hapo hapo, kwa mikono, karakana iko wazi ukitaka kwenda kuangalia.

Kinachonigusa mimi ni wale watoto. Wengi wa bweni zile wazazi wao walikuwa wamisionari ng'ambo, barua tu inachukua miezi, basi Jumapili ya kwanza ya Majilio (majuma manne ya kungoja Krismasi) wanakaa pamoja wanaunga nyota zao. Sisi tuliokulia Moravian kule Mbeya habari hii tunaijua kutoka upande wa pili, maana Rungwe walifika 1891 hao hao wa Herrnhut, wakafundisha babu zetu kusoma huku wengine watoto wao wamebaki Ujerumani wanalelewa na walimu. Hili kanisani sijawahi kulisikia likisemwa na mi naona lingesemwa.

Kila Desemba watu wanabishana Krismasi imetoka wapi, mara upagani mara nini. Tarehe 25 yenyewe kwenye Biblia haipo kweli, kumbukumbu ya kwanza kabisa ya sikukuu hiyo ni ya Roma mwaka 336, na desturi nyingi ukizifuatilia unaishia kwenye ubishi mtupu. Hii ya nyota ina shule yake, mji wake na mwaka wake, ndo maana naipenda kuliko hata mti.

Angalizo, mtandaoni kuna za kuiga, kuna muuzaji mmoja alimtumia rafiki yangu moja karatasi laini ikachanika kwenye vibanio kabla hata haijaisha kuungwa. Na ya karatasi msitundike barazani, unyevu utaimaliza, za nje zipo za plastiki. Huwa inawekwa kuanzia Majilio mpaka Januari 6, so agizeni Novemba mapema.