TAHADHARI: konkuru ya "hadithi ya maneno 100" inayozunguka Lubumbashi

Wandugu waandishi, kuna tangazo linapita kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Lubumbashi: andika hadithi ya maneno 100, lipa dola 5 kwa Airtel Money au M-Pesa, ushinde dola 500. Msitume kitu.

Zile dola 5 ni chambo tu. Siku chache baadaye kila aliyelipa anapata ujumbe uleule: "Félicitations, umeingia fainali." Wote kabisa! Halafu zinadaiwa dola 25 za "kitabu cha washindi" na 10 za diploma. Wakikubali watu 100, hiyo ni dola 3,500, na kitabu chenyewe ni PDF ambamo hadithi zimebandikwa na makosa yake yote. Jaji hatajwi popote.

Kulipisha peke yake si wizi. Bridport, konkuru ya uandishi ya Uingereza, inalipisha, na kikomo chake kwa hadithi fupi kabisa ni maneno 250, ila ada, zawadi na jina la jaji unavisoma kabla ya kutoa hata senti. Hawa wanatoa namba ya simu, na ukianza kutuma makuta linatokea jina la mtu binafsi. Tena wanaomba picha ya kadi ya mpiga kura, mbele na nyuma. Ya nini? Konkuru ya kweli mara nyingi inakataza hata kuandika jina lako juu ya hadithi, ili jaji asome bila kujua ni ya nani.

Wapo pia wanaojiita mawakala, dola 20 "kukuandikisha" Commonwealth Short Story Prize. Ile ni bure, na inapokea hadithi za Kiswahili, maneno 2,000 hadi 5,000. Lakini ni ya raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, na Kongo haimo. Mzambia wa ng'ambo ya Kasumbalesa anaingia; wewe hapana, hata uhamie Ndola, maana wanatazama uraia.

Ukitaka kuwapima, waulize maswali mawili. Kichwa cha hadithi kinahesabiwa ndani ya yale 100? Na hadithi ya Kiswahili inahesabiwa kabla ya kutafsiriwa au baada? Anayeijua kazi hii anajibu palepale, kwa sababu Kiswahili kinabana: "nitakapomwona" ni neno moja, Kifaransa kinataka manne, "quand je le verrai". Hadithi yako ya maneno 100 ikitafsiriwa inavuka kipimo. Tapeli atakujibu, "Lipa kwanza."

Hasara kubwa inakuja wakiiweka hadithi Facebook. Mashindano mengi yanataka hadithi ambayo haijatoka popote, na ukurasa wa Facebook mara nyingi unahesabiwa kuwa ni kuchapisha. Dola 5 utazipata tena. Hadithi ile huwezi kuituma kwingine.

Uliyekwisha kulipa, usifute SMS ya muamala. Peleka namba ya muamala huo kwa ajensi ya mtandao wako leoleo, kabla pesa hazijatolewa. Kisha waandikie hao matapeli kwamba unaondoa hadithi yako na huruhusu ichapishwe, na upige picha ya skrini kabla hawajakublok.