Kutafuta nyimbo za "Sa" kwenye redio ya Kijapani: huduma ya kibanda kimoja Ngamiani, Tanga

Toyota Noah na Wish nyingi zinazoshushwa kutoka Japani huja na redio yenye diski ngumu, na ndani yake mna nyimbo alizorekodi mwenye gari wa kwanza. Ushauri wa mafundi wengi ni mmoja: ng'oa, funga ya Android. Kibanda kimoja cha fundi redio Ngamiani kinafanya kinyume. Kwa shilingi 10,000 na kama dakika 20 za kukaa kwenye kiti cha dereva, mteja anafundishwa kusoma orodha ya nyimbo kwa silabi ya kwanza ya jina, kisha anapewa kadi iliyopigwa lamineti aiweke kwenye dashibodi. Hapa tunaipima huduma hiyo kwa silabi ya Sa, maana ndiyo yenye mavuno mengi na ndiyo inayofichua makosa ya kadi.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati. Silabi za Kijapani karibu zote huishia na vokali kama zetu, kwa hiyo aliyeimba ba be bi bo bu darasa la kwanza ameshafika nusu ya njia. Kinachogeuka ni mpangilio: wao husema a i u e o. Juu ya skrini au pembeni utaona alama kumi, あ か さ た な は ま や ら わ, yaani a, ka, sa, ta, na, ha, ma, ya, ra, wa. Sa ni ya tatu. Kwenye kibodi ya kutafutia, safu mara nyingi huanzia kulia, basi hesabu kutoka mkono wa kulia.

Itazame さ vizuri: mkato mmoja wa kulala, mwingine unaoukata kwa mshazari, na kikombe chini. Ikiwa na mikato miwili ya kulala ni き, ki. Ikigeuka kama sura kwenye kioo ni ち, chi. Fundi amezichora hizi tatu pamoja nyuma ya kadi, kubwa, kwa kalamu nyeusi. Hiyo peke yake ina thamani ya pesa uliyotoa, kwa sababu kosa la さ na ち ndilo linalomfanya mtu aseme redio ni mbovu.

Kasoro sasa. Kadi inasema ukibonyeza さ unapata nyimbo za Sa. Si kweli. Unapata safu nzima: sa, shi, su, se, so, pamoja na za, ji, zu, ze, zo, ambazo ni alama zilezile zilizoongezwa vidoti viwili. Za Sa hukaa mwanzoni, na Za huchanganyika nazo. Pia し imeandikwa "si" wakati ni "shi", kama shingo. Fundi arekebishe hapo.

Jambo jingine ambalo kadi imelinyamazia ni mpangilio wa silabi ya pili, nao unafuata utaratibu uleule wa a i u e o. Kwa alfabeti yetu, Sado ingetangulia, halafu Sake, halafu Sakura. Kwenye redio ni Sakura kwanza, kwa kuwa ku hutangulia ke; kisha Sake, kisha Sazanka, kisha Sado, na Sayonara mbali kule chini. Ukiwa unatafuta "Sazanka no Yado", wimbo wa mwaka 1982 wa Eisaku Okawa, usiuruke ukidhani umepita.

Na nyimbo ziitwazo Sakura, yaani maua ya mcheri, ni nyingi kweli. Maua hayo, sehemu kubwa ya Japani, huchanua kati ya Machi na Aprili, na shule za Japani hufunga mwaka Machi na kuanza mwingine Aprili, hivyo kila kizazi kina wimbo wake wa kuagana chini ya mti huo. Majina yanafanana kwa sauti, ila maandishi ni mbalimbali: wa Naotaro Moriyama wa 2003 huanza na さくら, wa Kobukuro wa 2005 ni 桜, wa Ikimonogakari wa 2006 ni SAKURA. Kwenye diski ngumu, redio ina hifadhidata inayojua kwamba 桜 husomwa "sakura", hivyo unaikuta jirani na さくら. Kwenye flashi hakuna msaada huo. Redio nyingi hupanga kwa namba ambayo kompyuta huipa kila herufi: za Kilatini juu, kisha hiragana (herufi za silabi kama さ), kisha katakana (aina ya pili ya herufi za silabi), kanji (alama za maneno kama 桜) mwishoni. Nyimbo tatu za jina moja zinatawanyika pembe tatu za orodha.

Dawa ni kubadilisha majina ya mafaili kabla, kwenye kompyuta: "Sakura - Moriyama", "Sakura - Kobukuro". Flashi iwe ya GB 16 au 32, iliyofomatiwa kwa mfumo wa mafaili uitwao FAT32; za GB 64 mara nyingi huja na mfumo mwingine, exFAT, na redio hizi za zamani haziioni. Kibanda hufanya kazi hiyo kwa nyimbo ulizoleta mwenyewe. Wanakueleza wazi pia kwamba zilizomo kwenye diski ngumu haziwezi kuhamishiwa flashi, kwani redio imetengenezwa kuzuia hilo ili kulinda haki za wasanii. Wanastahili sifa kwa ukweli huo.

Sehemu ya hatari ni betri. Redio nyingi kati ya hizi, umeme ukikatika, huamka zikidai namba ya siri au kadi ya ramani ya SD, na bila hivyo nyimbo zako zote ziko ndani ya sanduku lililofungwa. Wakati wa kubadilisha betri, vijana wa pale huunganisha betri ya pili ya volti 12 kwa waya za kubusti, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwenye vibanio vya waya za gari, ndipo wanafungua ile ya zamani. Kibanio cha chanya wanakizungushia kitambaa kikavu kisiguse bodi. Kazi safi. Ila hawaulizi kwanza kama kadi ya SD ipo, na wanapaswa. Iangalie mwenyewe kwenye tundu lake kabla hujawakabidhi funguo.