Nakhon Phanom ni pazuri, dereva wao ndiye balaa

Nimelipa safari nzima, nimepewa nusu. Na aliyenifanyia hivyo alikuwa akinichekea usoni.

Nakhon Phanom iko kaskazini-mashariki mwa Thailand, ukingoni mwa Mekong. Kila siku ya juma ina mnara wake wa Kibudha, na wenyeji huhiji ule wa siku waliyozaliwa. Mimi ni wa Ijumaa, kwa hiyo wangu ni Tha Uthen, upande wa kaskazini, haufiki hata kilomita 30 kutoka mjini. Ni Mwislamu, sikwenda kuhiji, nilikwenda kutazama. Ila hiyo Ijumaa ilishaniingia moyoni, na niliitaja wazi kwa wakala wa utalii wakati nalipa.

Tukaanza kusini, Phra That Phanom, mnara wa Jumapili, unaoaminika kuhifadhi mfupa wa kifua cha Buddha. Mvua ziliuangusha wote Agosti 1975, ukasimamishwa tena kufikia 1979. Mweupe, umenakshiwa dhahabu, watu wanauzunguka peku na maua mkononi. Hata sijamaliza mzunguko, nasikia dereva anapiga honi. Honi, jamani, mlangoni pa hekalu!

Renu, kwenye mnara wa Jumatatu, tukapita mbiombio. Kisha bwana mkubwa akaegesha kwenye duka la vitambaa, na hapo haraka yake yote ikayeyuka. Akakaa, akanywa chai, akapiga soga na mwenye duka. Nilipomwonyesha Tha Uthen kwenye simu, akagonga saa yake. Jua bado li utosini! Nikatoa risiti. Akacheka, akaongeza sauti ya redio, akaenda kunibwaga mjini mbele ya sanamu ya naga, nyoka wa hadithi, mwenye vichwa saba. Kwaheri yenyewe hakuna.

Usiku ule nilikuwa tayari kuwaambia msiende kabisa. Alfajiri nikatoka ukingoni, jua likachomoza nyuma ya milima ya Laos, iliyochongoka ng'ambo ya maji, na mama mmoja muuza uji wa wali akaniongezea yai bila kunidai. Basi nendeni. Pandeni zile pikapu za mabenchi wanazopanda wenyeji, mawakala waacheni.

Nilikuwa nimeshaweka nyota tatu, kwa heshima ya mto. Sasa hivi wakala kanijibu kuhusu pesa zangu: kikaragosi cha mikono iliyokunjwa, na ombi la nyota tano. Nimeshusha. Moja.