Waini nyekundu na za mapovu: ipi inafaa meza ya Dar

Waini ninazozipanga hapa nimezipima kwa meza yetu: jioni ya joto, mishkaki imetoka jikoni, bakuli la ukwaju na pilipili pembeni.

Namba moja ni Cap Classique, waini ya mapovu ya Afrika Kusini. Inachachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, sawasawa na Champagne, ndiyo maana mapovu yake ni madogo na hayaishi haraka. Kiwanda cha waini cha Simonsig kilitengeneza ya kwanza mwaka 1971. Mdomoni ni ndimu na tofaa, kisha inakuja harufu ya mkate wa moto. Nimeinywa na pweza wa kukaanga, nikainywa na sambusa za nyama. Kote ilikata mafuta na hamu ya kula ikarudi. Champagne halisi ya Ufaransa ni waini ya hali ya juu, lakini kwa bei yake mara nyingi unabeba chupa mbili za Cap Classique, kwa hiyo naishusha hadi namba nne. Iweke kwa siku ya posa.

Namba mbili ni nyekundu ya Dodoma, ya zabibu za Makutupora. Kule zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa halijui. Inanikumbusha zambarau zilizoiva na udongo ulionyeshewa, na ukakasi wake ni mdogo, haukaushi ulimi. Kwa mbuzi choma sijaona inayoishinda kwa bei hiyo. Ila angalia lebo: chukua iliyoandikwa Dry, yaani isiyo tamu. Ile tamu ina wapenzi wake, lakini kwenye nyama inafunika ladha ya chumvi na moshi.

Malbec, nyekundu ya Mendoza, Argentina, ni ya tatu. Nzito, nyeusi, imejaa plamu, na steki ya ng'ombe inaipenda. Tatizo ni pilipili: kilevi chake mara nyingi kinafika asilimia 14, na kilevi kinazidisha ule mwasho.

Prosecco, waini ya mapovu ya Italia, ni ya tano. Huchachukia kwenye tangi kubwa, ni nyepesi, ina harufu ya peasi, inatosha kupokea wageni. Hapa watu wengi huchanganywa na lebo: Extra Dry ni tamu kuliko Brut. Brut haifiki gramu 12 za sukari kwa lita. Extra Dry ina 12 hadi 17.

Ya mwisho ni Pinotage, nyekundu ya zabibu aliyoizalisha mtaalamu wa mizabibu Abraham Perold kule Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 1925. Nzuri yake ina moshi unaoelewana kabisa na jiko la mkaa. Mbaya yake inanuka mpira ulioungua, na kwa nje huwezi kuzitofautisha.

Sasa joto, maana hili linaharibu waini nyingi Dar kuliko kitu kingine. Wanaposema nyekundu inywewe kwa joto la chumba, wanamaanisha nyuzi 16 hadi 18. Sebule yetu ina 30. Itie kwenye friji saa moja na nusu hivi kabla ya kufungua. Na dukani usichukue chupa iliyokaa dirishani, wala ambayo kizibo chake kimesukumwa juu. Niliwahi kununua moja ya namna hiyo, Malbec ya bei, ikawa na ladha ya jamu iliyochemka. Siku hizi naomba waniletee ya stoo, kwenye giza.