RV ya kukodi mpaka New York, nyota moja na hiyo moja ni ya kitanda cha juu

Hii kitu nimeshaiandika mara mbili nikaifuta. Mara ya kwanza nilitoa nyota tatu, baba watoto akasoma akaniuliza, wewe umelogwa? Basi leo natoa moja na tusibishane.

Tunakaa Columbus, Ohio. Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga kutusalimia, miguu inamsumbua, habari ya kupanda ndege nyingine hataki hata kuisikia, halafu watoto watatu na watu wazima watatu ukiwapeleka hoteli za Manhattan, katikati ya New York, jiandae kuuza figo. Jirani ndio akatuambia, kodini RV, lile gari lenye vitanda, jiko na choo humo humo, mnalala popote mtakapofika. Tukaona huyu jirani ana akili.

Siku ya kulichukua, dada wa kaunta alitupa maelezo kama anakimbizwa. Dakika kumi hazikufika. Hili bomba la maji machafu, hii jenereta, hapa gesi, saini hapa, na hapa, na hapa. Nikamuuliza kwa mdomo wangu huu, dada sisi tunaenda New York City, mjini kabisa, kuna kitu tunatakiwa kujua? Akatabasamu, akasema hamna kitu, mkafurahie tu. Hilo "mkafurahie" lishikeni, maana ndilo limenikalisha hapa saa hizi badala ya kulala.

Njiani kulikuwa raha, sifichi. Barabara ya kulipia ya Pennsylvania Turnpike ina mahandaki manne yanayotoboa milima kabla hujafika Harrisburg, tukapita yote, watoto wanapiga mayowe kila tukiingia, hakuna mtu aliyetuuliza chochote. Kwa hiyo sisi tukajua handaki ni handaki. Mama kakaa zake mezani nyuma na tasbihi, kitu pekee alichogoma ni choo, maana mlango wake uko hatua moja tu na jiko, akasema yeye haendi haja mahali tunapopikia wali. Kila baada ya muda tunasimama kumtafutia choo cha watu. Ndio maana tulifika jioni, tena Ijumaa.

Kambi tuliyolipia ilikuwa Jersey City, ng'ambo ya mto, tungeenda kulala tu yaishe. Lakini baba watoto akasema, ngoja tupite Manhattan mara moja Mama aone taa. Barabara ya 78 inakupeleka mpaka mdomoni mwa Holland Tunnel, handaki la kuingilia Manhattan, ramani ya simu nayo inasema nyoosha, tukanyoosha. Askari akatusimamisha. Akaja dirishani, mna gesi humu? Na mume wangu, sijui alidhani tunaonewa huruma tusije tukakosa ya kupikia, akajibu kwa fahari kabisa: ndiyo, imejaa!

Jamani.

Kumbe gari lenye mtungi wa gesi haliingii Holland wala Lincoln, uifunge usiifunge. Yale mahandaki yako chini ya mto Hudson, kikilipuka kitu mle watu watakimbilia wapi. Ukitaka kuvuka na gari kama lile unapanda kaskazini mpaka daraja la George Washington, tena upite ile barabara ya juu, ya chini hapana. Na ukishavuka, ramani ya simu inayodhani uko na gari dogo itakusukumia Henry Hudson Parkway, ambako RV hairuhusiwi na madaraja yake yako chini chini, ukienda kichwa kichwa unaacha paa la watu pale. Hayo yote nimeyajua baadaye. Askari alikuwa mkali lakini sina neno naye, yuko kazini.

Mwenye neno langu ni yule dada. Maana wakati yeye yuko kwake amekunja miguu, mimi niko barabarani Jersey City namwongoza mume wangu kwa mikono kama konda, kata kushoto, kata, njoo, njoo, nyuma yetu honi za dunia nzima, Mama anasoma Ayatul Kursi kwa sauti, mdogo analia, na kioo cha pembeni kikalamba nguzo. Kraa. Hiyo sauti mpaka leo nikiiwaza tumbo linacheza.

Ila sasa niseme ukweli, na hapa ndipo nyota zangu zinapochanganyika. Kambini pazuri. Gari tukalipaki siku tatu halikusogea, asubuhi tunapanda treni ya PATH pale Grove Street, kidogo tu mko World Trade Center, hakuna kutafuta pakingi hakuna nini. Usiku watoto wanagombea kile kitanda cha juu ya dereva. Na usiku wa pili, kote kimya, nikasikia ule mlango mdogo unafunguliwa polepole, halafu maji. Asubuhi hakuna aliyemuuliza Mama kitu, na yeye akapika wali wake kama kawaida. Kwa hiyo mtu akiniuliza RV inafaa kwenda mji mkubwa namwambia inafaa, bora uiache nje ya mji uingie kwa treni. Hapo ndipo nilipotoa zile tatu.

Halafu tukarudisha gari. Dada yule yule, anatafuna jojo. Kioo tukakiri, tumegonga, tunalipa. Nikamwambia lakini nilikuuliza. Hakunitazama hata usoni. Akavuta mkataba, akafunua, akafunua, akaweka ule ukucha wake mrefu kwenye mstari mdogo kama sisimizi, ukurasa wa 17, akagonga mara mbili. Tk tk. Imeandikwa, mlitakiwa msome. Akamwita mteja mwingine. Mimi nimesimama pale na watoto watatu kama naomba kazi. Angesema pole tu, neno moja, hata nisingeandika.

Basi moja. Au moja na nusu, kwa sababu gari lenyewe halikutukosea. Hapana, moja. Hela ya dipoziti iliyobaki mpaka leo sijaiona.

Juzi Mama kapiga simu kutoka Tanga, anauliza lile gari la choo bado lipo, kuna shangazi yangu naye anataka kuja apelekwe. Nimemwambia lipo. Baba watoto ameshaanza kutafuta kambi za karibu na Chicago, na mkataba ule wa zamani amekaa nao kitandani anausoma na miwani.