Rangi ipi ununue kwa chumba cha kushonea: kuanzia ya kwanza hadi ya kuiacha dukani

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa, Mbeya, ukasema unataka rangi ya chumba, muuzaji atakuuliza swali moja: ya maji au ya mafuta? Kwa sebule, swali hilo linatosha. Kwa chumba cha kushonea, kufuma au kutunga shanga, tena unachotaka kukipamba kwa mkono wako mwenyewe, kwa sponji, kitambaa na mihuri, halitoshi hata kidogo. Rangi inayokubali kuchezewa ukutani si lazima iwe ile inayofutika chaki ya fundi cherehani, na inayofutika huenda isipende kuta zetu za tofali za kuchoma zinazonyonya maji msimu mzima wa mvua.

Kabla ya kuzipanga, nitaje jambo ambalo wauzaji hawalisemi: mwanga. Ukuta unaotazamana na dirisha ndio unaorudisha mwanga mezani. Ukiupaka kijani kilichokolea, kitambaa cheupe kitavaa ukijani, na uzi uliouona unafanana na kitenge jana jioni utaukana asubuhi ukitoka nje. Ukuta huo uache mweupe au wa maziwa. Mapambo mazito yapeleke kwenye ukuta wenye dirisha lenyewe, ambao mchana huwa kivulini, au juu ya rafu. Ukikubali hilo, unajikuta unanunua rangi kidogo ya kila aina badala ya ndoo moja kubwa, na mpangilio ufuatao unaeleweka.

Ya kwanza: rangi ya maji ya silki

Hii ndiyo yenye mng'ao mdogo ikikauka. Ni ghali kuliko mati, yaani ile isiyong'aa, na watu wengi huiruka kwa sababu hiyo. Mimi naiweka juu ya zote kwa sababu mbili. Inafutika kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, chaki na vumbi la pamba vikaondoka. Ya pili ndiyo inayomhusu mpambaji: silki iliyokauka hainywi haraka rangi inayowekwa juu yake. Unapata dakika chache za kuigonga, kuivuta au kuifuta kabla haijashika.

Paka mikono miwili, yaani tabaka mbili, ya silki nyeupe au rangi hafifu, iache ikauke vizuri, kisha chukua mati ya rangi nyingine uizimue na maji nusu kwa nusu. Kata kipande cha sponji ya godoro ukubwa wa ngumi. Kingo zake zinyofoe kwa vidole, maana sponji iliyokatwa kwa kisu ina pembe zilizonyooka, na kila pembe itaacha mstari ukutani. Lowesha, kamua, chovya kidogo, kisha gonga kwanza kwenye kipande cha boksi mpaka alama zitoke hafifu, ndipo uende ukutani. Kila baada ya kugonga mara mbili tatu, geuza kiganja. Ukigonga upande uleule, macho yataanza kuhesabu safu. Pembe za chumba zifanye kwa kipande kidogo zaidi, la sivyo zitajaa rangi kuliko katikati.

Njia ya kitambaa ni ya kinyume: unapaka ile rangi iliyozimuliwa kwa brashi eneo la kama mita moja, halafu unaiondoa kwa fulana chakavu ya pamba uliyoikunjakunja. Usitumie kitenge kipya, kinachuja. Kazi hii ni ya watu wawili, mmoja anapaka na mwenzake anamfuata nyuma na kitambaa. Baridi yetu ya Mbeya na Njombe hapa inasaidia, kwa sababu rangi inachelewa kukauka na mstari wa kuungia haujitokezi upesi kama ungekuwa Dar es Salaam.

Lakini baridi hiyohiyo ina mpaka wake. Rangi nyingi za maji hazishikani sawasawa joto likishuka chini ya nyuzi 10, na usiku wa Juni na Julai Mbeya hushuka zaidi ya hapo. Miezi hiyo paka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ipate jua la alasiri. Ukiwa Makete, ambako jalidi ni jambo la kawaida, kopo lililobaki usililaze stoo yenye ubaridi mkali. Rangi ya maji ikiganda huharibika, na hata ukiikoroga hairudi.

Ya pili: chokaa

Najua wengine watacheka. Chokaa imeshazoeleka kama rangi ya vigogo vya miti na mawe ya kando ya njia. Hata hivyo, kwa nyumba ya tofali za kuchoma yenye unyevu, hasa upande wa Tukuyu ambako mvua haitaki mazungumzo, chokaa inashinda kila kopo dukani. Inaruhusu ukuta kupumua. Maji yanayopanda kutoka msingini hutoka bila kuibandua, wakati rangi ya mafuta ingefanya malengelenge. Na malighafi si ngeni kwetu: mawe ya chokaa yapo Songwe, ndiyo sababu kiwanda cha saruji cha Mbeya kilijengwa kule.

Haikauki tu, inageuka. Jiwe lilichomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi likatoa hewa ya ukaa. Likishakuwa ukutani linaivuta tena hewa hiyo taratibu na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo lazima ukuta uloweshwe kabla ya kupaka, na mikono iwe myembamba, nyepesi kama maziwa, mitatu au minne, kila mmoja ukipewa siku yake. Tumia brashi pana ya inchi sita, uivute kwa mikato inayopishana huku na huku. Mawingumawingu yatakayojitokeza ndiyo pambo lenyewe.

Kwa rangi, nunua oksaidi ya unga, ileile mafundi wanayochanganya kwenye saruji ya sakafu: nyekundu, njano, nyeusi. Oksaidi za chuma zinavumilia ukali wa chokaa, rangi nyingine nyingi hupauka. Isizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa. Ikoroge kwanza na maji pembeni, ichuje kwa kitambaa chepesi, na uchanganye ndoo ya ukuta mzima kwa mara moja, maana ndoo ya pili haitafanana na ya kwanza. Ijaribu kwenye tofali na usubiri ikauke kabisa: chokaa mbichi huonekana imekolea, kavu hupauka sana.

Kama umenunua chokaa ambayo haijazimwa, tia chokaa ndani ya maji, kamwe usimwagie maji juu ya chokaa. Inachemka na kuruka. Glavu na miwani ni lazima.

Mbona basi si ya kwanza? Inaacha unga. Ukiegemeza suti nyeusi ya mteja kwenye ukuta wa chokaa, utaipiga brashi mpaka jioni. Nyuma ya meza ya cherehani weka silki, chokaa ibaki ukuta wa mbali. Tena haishiki juu ya rangi ya zamani ya mafuta au ya maji. Nyunyizia ukuta maji: yakizama, endelea, yakiteremka kwa matone, achana nayo.

Ya tatu: mati

Inaficha mabonde ya plasta kuliko silki, na ndiyo nzuri kwa mihuri na stensili (karatasi ngumu iliyotobolewa umbo), kwa kuwa haitelezi. Lakini haifutiki vizuri, kwa hiyo inunue kwa makopo ya lita moja moja kwa ajili ya michoro tu.

Muhuri wenyewe haununuliwi. Kiazi mviringo kikubwa, kama vile vya Isongole wilayani Rungwe, kikate mara moja kwa kisu kikali ili uso uwe bapa. Kilaze kifudifudi juu ya kitambaa nusu saa, maji yake yatoke, la sivyo rangi itatiririka. Chonga umbo sahili, jani au pembetatu za kikapu cha Iringa, kisha pakaza rangi kwa sponji badala ya kukichovya. Kikianza kulainika, kata kingine. Kwa duara, ncha ya mwanzi iliyopigwa msasa inatosha.

Ya nne: rangi ya mafuta

Iwe ya rafu, mlango na fremu za dirisha, basi. Ukutani inafungia unyevu, harufu yake inaingia kwenye vitambaa, na nyeupe yake hugeuka manjano kwenye kona zisizo na mwanga. Ukiinunua, hasa nyekundu na njano, angalia alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na maelezo ya madini ya risasi, yenye sumu, kwenye kopo. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni sehemu 90 kwa milioni. Chumba cha kazi za mikono hakikosi mtoto anayeokota shanga sakafuni.

Ya kuiacha dukani

Rangi ya maji ya bei ya chini isiyo na jina la kiwanda wala tarehe. Ikikauka, pitisha kiganja, utatoka nacho cheupe. Ukiweka sponji juu yake, inainuka na kuja nayo.

Kiasi cha kununua

Chumba cha mita 3 kwa 3.5, chenye kimo cha ukuta mita 2.7, kina mita za mraba 35 za kuta. Toa mlango na dirisha, zinabaki 32 hivi. Lita moja ya silki hupaka kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja kwenye ukuta uliopigwa skimu (plasta laini ya juu), hivyo mikono miwili inataka lita 6 na kidogo. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha, na cha kubakiza kwa viraka kipo. Kwa ukuta wa plasta ya kawaida ongeza kopo la tatu. Ndoo ya lita 20 itakuvutia kwa bei yake kwa lita, ila ununue tu kama sebule nayo inangoja.

Plasta mpya isubiri walau wiki nne, na kwenye mvua zaidi. Kama rangi yako imechanganywa kwa mashine, mwambie muuzaji akuandikie namba yake juu ya mfuniko kwa kalamu isiyofutika, risiti hupotea.